Saa Ishirini na Moja kwa Wiki

Zulma Larrosa aliamka saa kumi na moja na nusu ili awahi jiko. Nyumba waliyopanga, kule nyuma ya bandari ya Montevideo, ilikuwa na vyumba kumi na vinne na jiko moja. Ukichelewa, unakwenda kazini hujanywa chai ya majani ya mate wala kugusa mkate.

"Jana ulinipita kwenye foleni," alilalamika mama wa chumba cha sita.

"Jana wewe ulikuwa umelala. Lililokuwepo ni birika lako," alijibu Zulma. "Birika halipangi foleni."

Watu wakacheka. Zulma akachemsha maji yake, akarudi chumbani.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha alilala Zulma na mumewe Milton, fundi wa majokofu. Upande wa pili alilala binti yao Ximena, wa miaka kumi na tatu, na mzee Anselmo, baba yake Zulma. Mzee alifanya kazi kiwanda cha nyama miaka arobaini. Alitoka na pensheni ndogo na magoti mabovu.

Mimi naitwa Ofelia, fundi cherehani. Zulma ni jirani yangu sasa, ingawa siku zile nilikuwa simfahamu. Mengine alinisimulia mwenyewe, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Barua ilikuja mwezi wa Machi. Mwenye nyumba alikuwa amefariki na wanawe wanauza. Wapangaji wote watoke ndani ya miezi sita.

Milton na Zulma wakaanza kutafuta. Kila ofisi ya kupangisha nyumba waliyoingia waliulizwa swali lilelile.

"Mdhamini wenu ni nani? Tunataka mtu mwenye nyumba yake."

"Tungekuwa na ndugu mwenye nyumba, si tungeshahamia kwake?" alisema Milton.

Yule wa ofisini hakucheka. Alifunga daftari.

Wiki ya tatu Milton alirudi nyumbani akitabasamu.

"Nimepata mtu," alisema. "Anaitwa Rosendo. Ana watu wake wizara ya nyumba. Anaingiza jina lako kwenye orodha, baada ya mwezi unapewa ufunguo."

"Bure?" aliuliza Zulma.

"Bure ya wapi? Kuna kitu kidogo cha kuwalainisha watu."

"Kidogo kama nini?"

Milton alijikuna shingo. "Kama ile akiba yetu."

"Kiasi gani cha akiba yetu?"

"Yote."

Mzee Anselmo alikohoa nyuma ya pazia. "Hicho kidogo kina tumbo kubwa," alisema.

*

Zulma alikuwa msaidizi katika jiko la shule. Siku iliyofuata alikata maboga ya supu kwa nguvu. Mpishi mkuu, mama Nelly, alimtazama kwa muda. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwenye mikono minene na sauti ya kusikika hadi darasa la mwisho.

"Zulma, umelikata hilo boga kama unamchinja mtu. Kuna nini?"

Zulma akamweleza yote: barua, mdhamini, na Rosendo.

Mama Nelly aliweka kisu chini. "Huyo Rosendo ni mwizi. Wizara haina orodha ya kuuza. Kuomba ni bure, na kunafanyika dirishani, mchana kweupe. Sasa nisikilize. Mna shida mbili, msizichanganye. Ya kwanza ni mahali pa kulala miezi sita ikiisha. Ya pili ni kuwa na nyumba yenu."

"Ya kwanza ndiyo inayoninyima usingizi."

"Hiyo ndiyo nyepesi. Serikali ina mfuko wa kudhamini wapangaji. Nendeni na vitambulisho na hati zenu za mishahara. Wakiona kipato chenu kinatosha, serikali yenyewe inasimama kama mdhamini wenu. Mwenye nyumba hawezi kudai mdhamini mkubwa kuliko huyo."

Zulma aliacha kukata. "Kwa nini hakuna aliyetuambia?"

"Kwa sababu mlikuwa mnawauliza wanaouza. Mimi siuzi kitu."

"Na ya pili? Benki walitucheka."

"Mimi unajua naishi wapi?"

"Kwenye ushirika wa nyumba. Kule kwenye matofali mekundu."

"Ile nyumba aliijenga mama yangu, aliyekuwa mfuaji nguo. Yeye na familia nyingine thelathini." Mama Nelly alivuta kiti. "Mnaungana familia kumi au zaidi. Mnaandikisha ushirika. Mnachagua taasisi ya wataalamu, yaani msanifu majengo, mwanasheria na afisa ustawi wa jamii, na malipo yao yanahesabiwa ndani ya gharama za ujenzi. Mnatafuta kiwanja, mara nyingi cha manispaa au cha wizara. Halafu mnaomba mkopo wa serikali. Mkopo unalipia sehemu kubwa ya ujenzi. Sehemu iliyobaki mnaitoa kwa jasho."

"Jasho gani?"

"Mnajenga wenyewe. Kila familia saa ishirini na moja kwa wiki. Kazi za utaalamu mkubwa mnaajiri mafundi, nyingine zote ni zenu."

"Mama Nelly, mimi nijenge? Sijawahi kushika mwiko, isipokuwa huu wa kupikia."

"Mwiko ni mwiko. Huu unakoroga supu, ule unapaka saruji. Tofauti ni kwamba ukuta hauungui."

Zulma alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akauliza lililokuwa moyoni. "Nyumba ikiisha, ni yangu?"

"Ni ya ushirika. Wewe una haki ya kukaa humo maisha yako yote, na watoto wako wanarithi haki hiyo. Ila huwezi kuipeleka sokoni ukatia faida mfukoni. Ukiondoka, unarudishiwa hisa zako."

"Na nikiachishwa kazi, nikashindwa kurejesha mkopo?"

"Unasema mapema. Kuna ruzuku ya serikali kwa familia ambayo kipato kimeshuka. Unapeleka karatasi zako, marejesho yanapunguzwa. Kosa ni kukaa kimya. Nimewaona waliojificha kwa aibu hadi mambo yakaharibika, na msaada ulikuwepo."

*

Jumamosi Milton alikwenda kumwona Rosendo kwenye mkahawa wa kona. Hakwenda peke yake. Zulma alikaa kati yao.

"Bwana Rosendo," alisema, "tuko tayari. Tunaomba risiti tu. Yenye mhuri wa wizara."

Rosendo alitabasamu. "Shemeji, mambo haya hayana risiti. Ni ya kuaminiana."

"Basi utupe jina la afisa wako. Jumatatu nitakwenda kumshukuru mwenyewe, dirishani."

"Wewe mama unataka kuniharibia."

"Nikikushukuru nitakuharibia vipi?"

Rosendo alitazama saa. Alisema kuna simu anaisubiri nje. Alitoka na hakurudi. Hata kahawa yake alilipa Milton.

Walitembea mitaa miwili. "Sema basi," alisema Milton. "Sema mimi ni mjinga."

"Wewe si mjinga. Umechoka," alijibu Zulma. "Jumatatu tunakwenda dirishani."

Walikwenda. Karatasi moja ilikosekana, wakarudi. Hati ya mshahara ya Milton ilikuwa ya zamani, wakarudi tena. Mara ya tatu walipokelewa. Mwezi wa Agosti, wiki nne kabla ya siku ya kutoka, walihamia nyumba ndogo ya vyumba viwili, serikali ikiwa mdhamini wao. Ximena alifungua bomba la jiko, akalifunga, akalifungua tena.

"Hakuna foleni," alisema.

"Tunalipa kodi hapa," alisema Zulma. "Nusu ya mshahara wangu inaondoka. Hapa tunapumzika tu. Hatujafika."

*

Kikundi cha kuanzisha ushirika kilianza na familia kumi na sita. Walikutana kila Alhamisi jioni kwenye bwalo la shule. Afisa ustawi wa jamii kutoka taasisi yao, dada mmoja aitwaye Anahí, aliwafundisha kuendesha mkutano, kupiga kura na kuandika kumbukumbu. Zulma na Milton walijiandikisha wote wawili, kwa sababu sheria inaruhusu mume na mke kuwa wanachama pamoja.

Milton alilalamika tangu siku ya kwanza. "Saa ishirini na moja kwa wiki! Mimi nimehukumiwa kifungo?"

"Mkiwa wawili mnagawana," alisema Anahí. "Hata mzee Anselmo anaweza kuhesabiwa, kwa kazi ya kukaa."

"Kukaa najua," alisema mzee. "Niandike."

Walipata kiwanja cha manispaa, pembeni mwa reli. Wakapeleka mchoro na maombi yote. Maombi ya vyama vya ushirika yalikuwa mengi kuliko fedha za mkopo za mwaka huo, kwa hiyo wizara ilichezesha kura ya bahati hadharani. Kikundi chote kilikwenda. Mipira ilizunguka kwenye tufe. Majina yalisomwa mpaka la mwisho. Lao halikutoka.

Nje, Milton alipiga teke kopo. "Mwaka mzima wa mikutano. Mimi natoka."

"Toka," alisema Zulma. "Mimi nabaki. Mwaka ujao kuna kura nyingine, na faili letu limekamilika."

"Na isipotoka tena?"

"Tutaomba tena. Unadhani mimi nina pengine pa kwenda?"

Milton hakutoka. Lakini wengine walitoka. Mmoja alihamia kwa mwanawe mjini Salto, mwingine alikata tamaa, wengine waligombana. Kufikia mwezi wa Mei zilibaki familia tisa. Sheria inataka kumi. Bila ya kumi, hakuna ushirika, hakuna maombi, na kiwanja kinarudi manispaa. Walikuwa na siku kumi na nane kabla ya maombi kufungwa.

Zulma alitembea. Kila siku baada ya kazi alibisha hodi kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, kwenye maduka, kwenye zahanati. Siku ya kumi na tano aliingia kwangu kuchukua suruali ya mumewe niliyoitia zipu.

"Bi Ofelia, unaishi humuhumu dukani kwako?"

"Naishi nyuma ya cherehani, mimi na dada yangu Hortensia. Tunalala kwa zamu kama walinzi."

Alikaa. Alinieleza yote, kama mama Nelly alivyomweleza yeye. Nilimwambia nina miaka hamsini na sita. Nilimwambia mgongo unauma. Nilimwambia serikali haijawahi kunipa kitu isipokuwa faini.

"Haikupi," alisema. "Inakukopesha, nawe unafanya kazi. Ingekuwa inagawa bure na mimi ningeogopa."

Neno hilo lilinigusa. Hortensia alisimama kwenye pazia, nywele hazijachanwa. "Ofelia," alisema, "tia sahihi kabla sijaitia mimi."

Ndivyo tulivyokuwa familia ya kumi.

Kura ya mwaka ule tulisimama nyuma kabisa, tumeshikana mikono. Jina letu lilisomwa la nne. Mzee Anselmo, ambaye hainuki kwenye kiti bila msaada, aliinuka.

*

Tulijenga miezi ishirini na miwili. Zulma alitoka jikoni mwa shule saa tisa alasiri na kuja moja kwa moja kiwanjani. Jumamosi na Jumapili tulianza asubuhi. Familia nyingine tano ziliungana nasi kabla ya msingi, kwa hiyo nyumba zilikuwa kumi na tano. Hakuna aliyejua ipi itakuwa yake. Zikiisha ndipo tutapiga kura ya kugawana. Kwa utaratibu huo, kila mtu alilazimika kujenga kila nyumba kama yake.

Fundi mkuu tuliyemwajiri, bwana Baltasar, alitufundisha kuchanganya zege, kusoma pima maji na kutumia timazi. Mzee Anselmo alikaa langoni na daftari akiandika saa za kila mmoja. Alikuwa mkali. Milton alichelewa dakika kumi, akaandikiwa kuchelewa dakika kumi.

"Mzee, mimi mkweo!"

"Ndiyo maana nimekuandika kwa mwandiko mzuri."

Zulma alipewa kuongoza kikosi cha kuta. Mwanzoni wanaume wawili walinung'unika. Milton ndiye aliyewanyamazisha. "Mimi nimeamrishwa na huyu miaka kumi na saba," alisema, "na bado niko hai."

Mwezi wa Novemba kulikuwa na joto kali. Siku ya Jumapili tulimaliza ukuta wa upande wa nyumba ya saba. Tulikuwa tumechoka sana. Nyama ilikuwa tayari kwenye makaa na harufu yake ilitufikia juu ya jukwaa. Zulma alishusha timazi kwa mara ya mwisho. Akaishusha tena. Kisha akamwita Baltasar.

Baltasar alipima. Alivua kofia. "Ukuta umelala upande," alisema. "Kuanzia mstari wa tano kwenda juu."

"Kwa kiasi gani?" niliuliza.

"Hautaanguka leo."

Mmoja wetu, jina lake nitaliacha, alisema, "Piga lipu nene, haitaonekana. Tukale."

Nakiri na mimi nilikuwa natazama nyama. Nilikuwa nimebeba yale matofali kwa mikono yangu, moja moja, siku mbili.

Zulma alishuka kutoka jukwaani. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi. "Kosa ni langu," alisema. "Nilitakiwa kupima kila mstari, na jana sikupima. Lakini nani hapa yuko tayari kulala chini ya ukuta huu? Anyooshe mkono, tumwandikie nyumba ya saba sasa hivi."

Hakuna aliyenyoosha.

"Na mtoto wake alale chini yake?"

Milton alikuwa ameketi kwenye toroli. Aliinuka, akaenda ghalani, akarudi na nyundo kubwa. Alipiga mstari wa juu, tofali la kwanza likaanguka. Kisha yule aliyetaka lipu nene akavua shati na kusimama karibu naye. Mimi na Hortensia tulikusanya matofali mazima na kukwangua saruji kabla haijakauka. Tulikula nyama ikiwa imepoa na kukauka kama soli ya kiatu. Saa hizo mzee Anselmo hakuziandika kwa yeyote.

"Kubomoa ulichoharibu si kazi," alisema. "Ni adabu."

Wiki iliyofuata ukuta ulisimama upya. Zulma alipima kila mstari, hata alipoona umenyooka.

*

Kura ya kugawana nyumba tuliifanya mwezi wa Septemba. Karatasi kumi na tano ziliwekwa kwenye sufuria kubwa la mama Nelly. Ximena, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake, alitia mkono kwa niaba ya familia yake. Namba kumi na mbili. Mimi nilipata namba kumi na moja. Tunatenganishwa na ukuta mmoja, na Zulma anaijua mipigo ya cherehani yangu kuliko mimi.

Tulihamia siku moja, wote. Milton alibeba jokofu na mwenzake mmoja. Mzee Anselmo alipelekwa kwenye chumba chake. Kilikuwa kidogo, chenye dirisha upande wa reli. Alikaa kitandani, akafunga mlango. Baada ya dakika chache akaufungua.

"Mlango wangu," alisema, akaufunga tena.

Marejesho ya mkopo tunayalipa kila mwezi kupitia ushirika. Ni madogo kuliko kodi niliyokuwa nalipa kwa chumba cha nyuma ya cherehani. Milton alipokosa kazi kwa miezi minne, mwaka ule ule wa kwanza, hakujificha. Alikwenda kwenye kamati na karatasi zake, kamati ikampeleka kwenye ruzuku, marejesho yao yakapungua mpaka alipopata kazi tena. Kila Alhamisi bado tuna mkutano. Tunagombana kuhusu bustani, mbwa na muziki. Kisha tunapiga kura, tunaandika, tunakwenda kulala.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ya wiki yetu ya kwanza. Alasiri mbingu ilikuwa nyeusi upande wa mto. Ngurumo moja, kisha mvua kubwa ikashuka. Hapa kwetu mvua ikinyesha watu hukaanga mikate bapa, na dakika haikupita harufu ya mafuta ikatoka nyumba ya kumi na mbili. Lakini Zulma alikuwa amemwachia Ximena jiko. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, unga mikononi, uso juu. Milton alikuwa karibu naye, uso juu. Niliingia na Hortensia, nasi tukatazama juu.

"Kwenu kunavuja?" aliuliza Zulma.

"Bado hatujaona kitu," nilisema. "Kwenu?"

"Bado."

Mlango ukafunguliwa. Baltasar, ambaye kazi yake ilikuwa imeisha, alikuja kwa baiskeli akiwa amelowa chapachapa. Hakusalimia. Alitazama dari, akatazama kona, akatoka kwenda nyumba ya kumi na tatu. Tulimfuata wote, mikate mikononi. Tuliingia nyumba ya kumi na tatu, ya kumi na nne, ya kumi na tano, tukarudi kuanzia ya kwanza. Watu kumi, ishirini, thelathini, tumejaa kwenye sebule ya mtu, tunatazama juu huku mvua inapiga bati na zege kwa hasira.

Halikudondoka hata tone.

Katika nyumba ya mwisho Baltasar alijifuta uso. "Basi," alisema. "Mnaweza kula."